Popi Mpya Nyumbani

Likizo ndefu ikianza, wengi wetu tunaotoka Sengerema tunakuta nyumbani kuna mgeni: mtoto wa mbwa, au popi kama tunavyomwita. Mzee kampata kwa jirani, na kazi yake inajulikana, alinde mbuzi, kuku na mlango. Kumlea sasa kunamwangukia nani? Wewe uliye likizo. Na malezi hayo ni ualimu kabisa. Yakiharibika, anayelipa mara nyingi ni mtoto wa shule ya msingi anayekatiza uani kwenu asubuhi.

Kwanza umri. Popi asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Wapo wanaomchukua wa wiki 4 wakidhani ndiyo atawazoea vizuri, kumbe wanamkosesha maziwa na somo kubwa analopewa na ndugu zake. Akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unaishia hapo. Polepole anajua kupima meno yake.

Usiku wa kwanza atalia, na si kwamba anadeka. Tangu azaliwe amelala katikati ya ndugu zake, kwenye joto na harufu ya mama. Kwa hiyo unapokwenda kumchukua, beba kipande cha kanga chakavu, kisugue kwa mama yake na pale walipolala, kisha kiweke kwenye boksi lake. Chupa ya maji ya uvuguvugu, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa nguo, inasaidia sana. Boksi liwe karibu na watu, hata koridoni, halafu baada ya siku chache lisogeze kidogo kidogo kuelekea atakapolala siku zote. Kumfungia stoo ili anyamaze kunamfundisha tu kwamba nyumba hii inatisha.

Chakula huku ziwani si tatizo: ugali laini na mchuzi wa dagaa, mara 3 au 4 kwa siku, kidogo kidogo, na maji safi muda wote. Ila dagaa wetu wengi huanikwa mchangani, waoshe vizuri. Mifupa ya sangara usimpe, inaweza kumchoma kooni au tumboni. Vitunguu ni sumu kwa mbwa, kwa hiyo masalia ya rosti yasiwe mlo wake.

Kuhusu haja, mtoe nje kila akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, mahali palepale. Akijisaidia hapo, msifie au mpe dagaa mmoja papo hapo. Waliosoma saikolojia ya elimu wameshamkumbuka Skinner. Ukimchapa kwa uchafu wa saa moja iliyopita, hawezi kuunganisha kiboko na kosa. Anaunganisha kiboko na wewe. Kesho atajisaidia nyuma ya kochi usikomwona. (Darasani tunamtaja mbwa wa Pavlov kila mwaka, mate tu, mate tu, bila kumuuliza mbwa mwenyewe anajifunzaje nyumbani kwetu.)

Jambo ninalotaka tubishane na wazee ni hili la kumfunga mnyororo mapema ili awe mkali. Wengine hata pilipili wanamlisha. John Paul Scott na John Fuller walichunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, wakachapisha kitabu mwaka 1965. Walionyesha kwamba kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 ndipo mbwa anapojifunza nani ni wa kawaida katika dunia yake. Ambacho hakukizoea kipindi hicho, baadaye anakiogopa. Na mbwa mwoga ndiye mng'ataji, kwa sababu hatofautishi mwizi na mtoto mwenye daftari. Basi muda huo apite kwenye mikono ya watu: bibi, watoto, fundi, mwenye kofia. Asikie bodaboda. Aone mbuzi na kuku akiwa nawe pembeni. Kubweka kwa mgeni kutakuja kwenyewe akikua, wala hakuhitaji pilipili.

Ila kabla hajamaliza chanjo, asichanganywe na mbwa wanaozurura. Mwone afisa mifugo wa kata kuhusu dawa ya minyoo, kupe na chanjo. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba. Hapa hakuna mzaha: kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, na karibu wagonjwa wote duniani huambukizwa na mbwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Magonjwa mengine ya mbwa nayo hayaishii uani. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini walihusishwa na chanzo chake.

Kwa wanaotaka kufuga popi kwenye chumba cha kupanga karibu na chuo, mimi nasema hapana. Muhula ukiisha unapanda basi, naye anabaki getini akiokota jalalani. Wa nyumbani anatosha. Na kabla chuo hakijafungua, chagua mdogo wako mmoja, mwonyeshe ratiba ya chakula na ya kutoka nje, na mwandikie tarehe ya chanjo kwenye kalenda ya ukutani.