Mbio Ndefu Huishia Tumboni

Kila mwaka, kabla jua halijachomoza, maelfu ya wakimbiaji hujipanga barabarani nchini Afrika Kusini kwa ajili ya mbio za Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg. Mbio hizi zilianza mwaka 1921. Urefu wake ni takriban kilomita 90, zaidi ya marathoni mbili kwa mkupuo, na mshiriki hupewa saa 12 kuzimaliza. Anayesimama kando ya barabara baada ya kilomita ya 60 hukutana na jambo asilolitarajia. Mkimbiaji ameinama, ameshika magoti, anatapika, ilhali pumzi yake imetulia kabisa. Moyo wake mzima, mapafu yake mazima. Kilichogoma ni tumbo.

Watu wengi hushangaa wakiambiwa hivyo, maana tangu shuleni riadha hupimwa kwa pumzi. Kwa marathoni kipimo hicho kina haki yake. Oktoba 2023 huko Chicago, Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia kwa saa 2 na sekunde 35, mwendo wa kilomita 21 kwa saa. Kwa kasi hiyo suala kubwa ni oksijeni: mwili unaweza kuvuta kiasi gani, unaweza kudumu karibu na kilele chake kwa muda gani, na kila hatua inagharimu kiasi gani. Sasa mtazame Aleksandr Sorokin wa Lithuania. Septemba 2022, mjini Verona, alikimbia kilomita 319.614 ndani ya saa 24. Wastani wake ulikuwa kilomita 13.3 kwa saa. Kwa Kiptum, aliyefariki kwa ajali ya gari Februari 2024, huo ungekuwa mwendo wa kupasha misuli moto. Mapafu hayana kazi ya kuyashinda hapo. Ugumu ni kuupata mwendo huo saa ya kwanza, saa ya kumi, na saa ya ishirini na tatu.

Hesabu ya mbio ndefu ni ya akiba na matumizi. Kukimbia kilomita moja hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, hivyo mtu wa kilo 60 anahitaji kama 2,500 kwa marathoni na zaidi ya 5,000 kwa Comrades. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, hutoa kilokalori 2,000 hivi. Mafuta ya mwili ni ghala kubwa mno: hata mtu mwembamba mwenye kilo 6 tu za mafuta ana zaidi ya kilokalori 50,000. Tatizo ni kwamba ghala hilo lina mlango mwembamba. Mafuta huchomwa polepole, na hudai oksijeni nyingi zaidi kuliko wanga ili kutoa nishati ileile. Anayeyategemea peke yake hulazimika kupunguza mwendo. Anayetaka kushindana lazima ale akiwa mbioni.

Na hapo ndipo utumbo unaposhika hatamu. Glukosi hupita kwenye ukuta wa utumbo mdogo kwa njia maalumu, na njia hiyo huzidiwa ikifika kama gramu 60 kwa saa. Fruktosi ina njia yake tofauti. Mkimbiaji akizichanganya anaweza kufikia gramu 90 hivi kwa saa. Watengenezaji wa jeli za wanariadha hulipigia debe sana jambo hili, lakini sukari ya kawaida ya mezani, ileile inayokorogwa kwenye chai ya maziwa ya wakimbiaji wa Iten, Kenya, ni glukosi na fruktosi nusu kwa nusu. Gramu 90 ni kilokalori 360. Mtu wa kilo 65 anayekwenda kwa kasi ya Sorokin hutumia zaidi ya 850 kwa saa. Pengo la karibu 500 lazima lizibwe na akiba ya mwili, saa baada ya saa, usiku kucha.

Tena hizo gramu 90 ni za siku njema. Mtu anapokimbia, damu huelekezwa kwenye misuli na, jua likiwaka, kwenye ngozi ili kupoza mwili. Utumbo hubaki na mgawo mdogo huku ukitikiswa kwa maelfu ya hatua. Chakula hukaa tumboni bila kusogea, kichefuchefu huanza, na mkimbiaji huogopa hata kunusa ndizi. Maji nayo yana hatari yake. Mwaka 1985, Tim Noakes, daktari wa Afrika Kusini, na wenzake waliandika kuhusu wakimbiaji wa masafa marefu waliougua vibaya kwa sababu walikunywa kupita kiasi hadi sodiamu kwenye damu ikashuka mno. Wakati huo ushauri wa kawaida kwa wakimbiaji ulikuwa kunywa kwa wingi. Habari njema ni kwamba tumbo hufundishika. Wanaokula na kunywa katika mazoezi yao marefu, wiki baada ya wiki, huvumilia zaidi siku ya mashindano. Kocha anayeandika kilomita za mwanafunzi wake bila kuandika alichokula ameacha nusu ya kazi.

Mwaka 2015 kundi dogo la watu lilivuka Marekani kwa miguu, kutoka California hadi Washington, D.C., likikimbia takriban marathoni moja kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa muda wa wiki 20. Watafiti walipima nishati waliyotumia. Siku za mwanzo matumizi yalikuwa makubwa sana, kisha yakashuka ingawa kilomita zilikuwa zilezile: mwili ulikuwa unabana matumizi mahali pengine. Walipolinganisha na shughuli nyingine ndefu, wakiwemo waendesha baiskeli wa Tour de France, waliona kwamba kadiri siku zinavyoongezeka, kila mtu huteremka kuelekea takriban mara 2.5 ya nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Maelezo yao ni kwamba zaidi ya hapo utumbo hauwezi kusharabu chakula cha kutosha, na mwili huanza kujila. Kwenye ulinganisho huohuo waliweka pia ujauzito. Mama mjamzito hufikia takriban mara 2.2, tena kwa miezi na miezi, bila medali wala mtu wa kumpigia makofi.

Miguu pia ina deni lake. Comrades hubadilisha uelekeo karibu kila mwaka, na mwaka wa kuteremka kwenda Durban ndio unaovunja mapaja. Kwenye mteremko kama Fields Hill, misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikivutwa kurefuka, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi zake zaidi kuliko kupanda mlima. Katika mbio za siku kadhaa, usingizi nao, ukikosekana kwa siku mbili tatu, huleta maluweluwe: mawe hugeuka kuwa watu.

Januari 2019 Jasmin Paris, daktari wa mifugo, aliingia kwenye mbio za Spine nchini Uingereza, kilomita 431 za vilima, tope na giza refu la kipupwe. Alikuwa bado ananyonyesha. Kwenye vituo vya njiani, mahali ambapo wenzake walikula na kulala, yeye alikamua maziwa pia, kwa hiyo chakula alichomeza kililazimika kulipia kazi mbili. Alilala takriban saa 3 kwa jumla. Alimaliza wa kwanza, mbele ya wanaume wote, kwa saa 83 na dakika 12, akaipunguza rekodi ya mbio hizo kwa saa 12.