NGOZI YA KUNOLEA VISU: KUNUNUA AU KUJITENGENEZEA

Ndugu wanachama,

Katika mikutano yetu malalamiko mamoja hayaishi kurudi: visu vya kusafishia mikarafuu vyanolewa juu ya jiwe asubuhi, na kufika adhuhuri havikati tena. Mwenye kisu hulaumu chuma, na mwenye duka husemwa kuwa ameuza kisu kibaya. Mara nyingi chuma hakina kosa. Kazi ya kunoa imeachwa kabla ya kwisha, kwani baada ya jiwe iko hatua ya pili, nayo ni ngozi. Makala haya yaeleza ngozi hiyo yafanya nini, yapatikana wapi, na kwa nini ng'ombe wa Singida anahusika na mikarafuu ya kisiwani.

KISU BUTU NI ADUI WA MKARAFUU

Kila mavuno matawi huvunjika. Mchumaji huvuta tawi kwa kamba, au hulikanyaga, likapasuka na kuacha kidonda kilichochanika. Uchunguzi uliofanywa hapa Zanzibar katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba ugonjwa wa kufa matawi huletwa na kuvu anayeingia mtini penye jeraha, akateremka ndani ya tawi na kuliua. Dawa yake ni kukata tawi chini ya mahali ambapo mti umebadilika rangi, mpaka ufike kwenye mti mzima.

Tawi nene hukatwa kwa msumeno, lakini msumeno huacha kingo zenye nyuzi. Hapo ndipo kisu kinapohitajika, ili kuzunguka kidonda na kulainisha gome. Kisu kikali hukata gome likabaki safi. Kisu butu huliponda na kulibandua, na badala ya kufunga mlango tumeufungua zaidi. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Mti ukifa kwa jeraha lililofanywa ovyo, kazi ya miaka yote hiyo imekwenda bure.

Tena kisu butu ni hatari kwa mwenyewe. Mtu hukitia nguvu, kikateleza, kikamkata mkono uliolishika tawi.

JIWE LAFANYA NINI, NA NGOZI YAFANYA NINI

Kinoo cha jiwe hula chuma. Ukisugua upande mmoja, kisha wa pili, chuma hupungua mpaka pande mbili zikutane, na hapo makali hutokea. Lakini penye kukutana huko hubaki unyuzi wa chuma, mwembamba mno, uliolala upande mmoja. Huuoni kwa macho, ila ukipitisha kidole polepole kutoka mgongo wa kisu kuelekea nje ya makali, utausikia ukikwaruza. Kisu chenye unyuzi huo hukata vizuri mara chache za mwanzo. Kisha unyuzi hukunjika au hukatika, na kisu kikawa butu. Ndiyo sababu ya kisu kilichonolewa asubuhi kushindwa adhuhuri.

Ngozi huuondoa unyuzi huo na kuyanyoosha makali. Haili chuma kama jiwe. Basi asije mtu akadhani kwamba kisu kilichobutuka kabisa, au chenye mapengo, kitapona kwa ngozi. Hicho kirudishwe jiweni kwanza. Vinyozi wa zamani walilijua jambo hili vizuri: kila mmoja alitundika mkanda wa ngozi karibu na kiti chake, akaupitishia wembe kabla ya kumnyoa mtu. Jiwe alilitumia mara moja moja tu, lakini ngozi aliitumia kila siku.

NGOZI YA SINGIDA

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania Bara, nchi ya Wanyaturu, Wanyiramba na Wabarbaigi, ambao tangu zamani ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe wao wengi ni wale wa asili wenye nundu. Huuzwa minadani, na ngozi za waliochinjwa hukusanywa na wafanya biashara.

Yapasa mnunuzi wa kisiwani aelewe tofauti moja kubwa: ngozi kavu si ngozi iliyodabighiwa. Ngozi kavu imeanikwa tu. Singida hupata mvua ya milimita 600 mpaka 800 kwa mwaka, na toka Mei mpaka Oktoba karibu haina mvua. Kwa hiyo ngozi iliyowambwa huko hukauka ikawa ngumu kama ubao, na mtu akiiona huko huidhani kuwa ni imara. Lakini Pemba hupata mvua zaidi ya mara mbili ya hiyo, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Ngozi kavu ikishavuka bahari hunywa unyevu, hulegea, huvimba na kunuka, na wadudu huja. Haifai kunolea.

Ngozi iliyodabighiwa imelowekwa katika maji ya magome yenye dawa ya kuifanya isioze. Magome ya miwati, miti inayopandwa Njombe, ndiyo yajulikanayo sana katika nchi yetu kwa kazi hii. Hata magome ya mikoko ya pwani yetu yalikuwa yakipelekwa ng'ambo zamani kwa kazi hiyo hiyo. Leo mikoko yalindwa na sheria, basi asiende mtu kuibandua. Kazi yenyewe ni ndefu: kuloweka ngozi katika chokaa, kuondoa nywele, kisha kuitia katika maji ya magome kwa majuma mengi, kwanza hafifu, baadaye makali. Si kazi ya kujaribia nyumbani kwa ajili ya kisu kimoja. Ngozi ya Singida huipata dawa hiyo katika viwanda, kama vile vya Moshi, na hapo ndipo inapotufaa sisi.

KUNUNUA

Mikanda ya vinyozi itokayo ng'ambo ni mizuri, lakini bei yake ni kubwa, na mkulima haihitaji. Mwendee mshona viatu umwombe ngozi ya soli. Hiyo kwa kawaida imedabighiwa kwa magome, ni ngumu kiasi, wala haibonyei ovyo. Kabla ya kutoa fedha, tazama mambo haya:

Kwanza, itoke mgongoni mwa mnyama. Ngozi ya tumboni hulegea na kuvutika. Ivute kwa mikono miwili; ikirefuka, iache.

Pili, iwe na unene wa milimita tatu au nne, ulio sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho.

Tatu, isiwe na alama. Ng'ombe wa malishoni hukwaruzwa na miiba, huumwa na kupe, na wengine hupigwa chapa ya moto. Mchunaji naye huweza kuikata kwa ndani. Kovu moja katikati latosha kuyaharibu makali kila yapitapo.

Nne, kata kidogo pembeni utazame ndani. Ikiwa ndani ina rangi moja ya hudhurungi, dawa imeingia. Ikiwa katikati kuna mstari mweupe mgumu, dawa haijafika.

Ngozi laini ya mikoba na makoti tusiitumie. Kisu huzama ndani yake, nayo ikapanda juu ya makali na kuyaviringisha.

KUJITENGENEZEA

Kata ngozi urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 6. Tafuta ubao mkavu uliopigwa randa, uwe mrefu kuliko ngozi kwa sentimita 12 ili upate mahali pa kushika. Kwaruza upande wa ngozi utakaogusa ubao kwa msasa, paka gundi ya seremala pande zote mbili, bandika, kisha weka vitu vizito juu yake usiku kucha. Ngozi iliyobandikwa ubaoni ni bora kwa anayeanza kuliko mkanda unaoning'inia, maana mkanda ukilegea makali huviringika.

Ukiweza, bandika vipande viwili, kimoja kila upande wa ubao. Cha kwanza upande wa nyama uwe juu, ukipake dawa nyekundu ile wanayong'arishia masonara, kidogo tu, isuguliwe mpaka iingie. Cha pili upande wa nywele uwe juu, usitiwe dawa. Kisu huanza kwenye dawa, kikamalizia kwenye ngozi tupu.

Mafuta yasizidi. Tone moja au mawili, mara moja kwa miezi kadhaa, yatosha. Singida yasifika kwa alizeti, na mafuta yake ni mazuri jikoni, lakini juu ya ngozi hukaa yakanata na kushika vumbi. Na vumbi la mchanga juu ya ngozi ni sawa na kunolea ukuta.

KUTUMIA

Laza bapa la kisu juu ya ngozi, kisha inua mgongo wake kidogo, kwa pembe ile ile uliyotumia jiweni. Vuta kisu kuelekea upande wa mgongo, makali yakifuata nyuma. Ukitanguliza makali utaikata ngozi. Ufikapo mwisho simama kwanza, ndipo uinue. Anayeinua kisu kingali kinakwenda huyaviringisha makali pasipo kujua. Kukigeuza, kizungushe juu ya mgongo wake, si juu ya makali.

Vuta mara 20 mpaka 30 kila upande, kwa kupokezana. Usikandamize; uzito wa kisu na mkono mwepesi vyatosha. Kisha jaribu kwa kukata karatasi iliyoshikwa hewani. Ikikatika bila kuchanika, kisu kiko tayari. Usijaribu kwa kupitisha kidole gumba kwa urefu wa makali.

Panga la kufyekea halihitaji kazi hii. Tupa na jiwe vyatosha. Lakini kisu cha kuchinjia chahitaji sana. Sote twajua tumeamrishwa kukinoa vizuri ili mnyama asiteswe, na kukinoa mapema, si mbele ya macho yake.

KUTUNZA

Usiiache ngozi sakafuni wala karibu na majamvi ya karafuu mbichi, kwani unyevu utaipandisha ukungu. Itundike ndani penye upepo. Ukungu ukionekana, futa kwa kitambaa kikavu na anika kivulini, si juani, maana jua kali huikausha ikapasuka. Dawa ikiwa nyeusi na kugandamana, ikwangue kwa mgongo wa kisu na upake nyingine.

SHAURI

Kipande cha ngozi ya soli cha sentimita 60 kwa 60 hutoa ngozi 20 za kunolea. Ngozi hiyo yaweza kuwa imetembea kutoka mnadani Singida, ikapita kiwandani, ikafika Dar es Salaam, kisha ikavuka bahari, na kila mkono imepopitia umeongeza bei. Mtu mmoja akinunua kipande kidogo peke yake hulipa ghali. Basi shauri langu ni kwamba wanachama wa mahali pamoja wachangishane, wanunue kipande kimoja kizima, na aliye seremala kati yao akate mbao. Ikiwa tutaanza sasa, kila nyumba itakuwa na ngozi yake kabla wachumaji hawajapanda mitini, na vidonda vya mavuno yajayo vitakatwa kwa kisu kikatacho.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama