Sanamu ndogo za kijeshi na kumbukumbu ya ngome ya Chetambe

NGOME ya Chetambe, karibu na mji wa Webuye katika Kaunti ya Bungoma, haiko tena kama ilivyokuwa mwaka wa 1895, Wabukusu walipokabiliana na kikosi cha Waingereza kilichokuwa na askari wa Kisudani na wapiganaji wa Wanga. Waliouawa ni wengi, na mifugo ikatwaliwa.

Njia mojawapo ya kuirejesha machoni ni sanaa ya sanamu ndogo za kijeshi. Sanaa hiyo ina wapenzi wengi Ulaya, lakini vifaa vyake si vya ajabu: brashi nyembamba, rangi, gundi na subira.

Kipimo kilichozoeleka ni milimita 54, yaani mtu hupunguzwa takriban mara 32. Kwa hesabu hiyo ukuta wa mita tatu huwa na sentimita tisa na kitu, na kokoto ya milimita tatu huwa jiwe la kumkwaza mpiganaji. Ndiyo maana udongo wa kutandaza huchekechwa kwa chujio la chai.

Sanamu huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, ikapakwa rangi ya msingi, nyepesi isiyoziba mikunjo. Kisha hufuata ngozi, mavazi, na silaha mwishoni. Ngozi ya Mwafrika ndiyo huwashinda wengi. Wanaozoea miongozo ya Ulaya huchanganya kahawia na nyeupe ili kung'arisha paji la uso na mashavu, na matokeo yake ni mtu aliyepauka kama aliyekosa mafuta. Afadhali kahawia nzito yenye wekundu, iongezwe rangi ya chungwa kidogo panapopigwa na jua, na buluu kidogo penye kivuli.

Kosa kubwa zaidi ni la historia. Sanamu za wapiganaji wa Kiafrika zinazouzwa kwa wingi ni za Wazulu, na kubadilisha rangi ya ngao hakumgeuzi Mzulu kuwa Mbukusu. Vivyo hivyo, askari wa Kisudani hawezi kuvishwa sare za King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka wa 1902. Mwaka huo huo ndio eneo hili lilipohamishwa kutoka himaya ya Uganda.

Anayetaka kuona vitu vyenyewe na aende Kitale. Jumba la makumbusho la huko lilitokana na mkusanyo wa Luteni Kanali Stoneham, mlowezi aliyewafungulia watu milango mwaka wa 1926. Alifariki mwaka wa 1966, na jengo la sasa likafunguliwa Desemba 1974. Katika uwanja wake mna mifano ya maboma ya jamii za magharibi, likiwemo la Wabukusu.

Kitako hujengwa juu ya ubao. Miinuko hufinyangwa kwa plasta, mawe halisi hupachikwa ingali mbichi, halafu hupakwa gundi ya mbao na kunyunyiziwa udongo uliokaangwa ili kuua wadudu. Gundi huufanya udongo uwe mweusi kupita kiasi, kwa hiyo hupitishwa juu yake brashi kavu yenye rangi hafifu. Nyuzi za katani zilizokatwa fupi hutosha kuwa nyasi.

Wengi huishia kwa wapiganaji wawili na jiwe. Lakini olukoba, kijiji cha Kibukusu kilichozungushiwa ukuta wa udongo, kilikuwa makazi ya watu. Kuwaacha nje wanawake, watoto na ng'ombe ni kusimulia nusu ya vita. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipowapeleka wafuasi wake Chetambe katika miaka ya 1940, waliwaombolezea jamaa zao.

Vanishi isiyong'aa hupulizwa mwisho, siku kavu. Hewa ikiwa na unyevu huacha utando mweupe juu ya rangi, na katika msimu wa mvua za Kitale kazi hiyo huweza kungoja siku kadhaa.