CHAI HUTAKA UDONGO MCHACHU

Mkulima aliyezoea mahindi na maharagwe amefundishwa siku nyingi kwamba udongo mchachu hauna faida, na kwamba dawa yake ni chokaa. Mafundisho hayo ni ya kweli kwa mahindi. Lakini ukitaka kupanda chai, yaache nje ya shamba la chai. Kichaka hiki hustawi katika udongo ambao mimea mingine hudumaa, na udongo ambao kabichi huupenda sana waweza kukiua.

Wapimaji wa udongo hutumia kipimo kiitwacho pH, ambacho huanza 0 na kuishia 14. Katikati ni 7. Tarakimu ikipungua, uchachu unazidi, nao huzidi upesi: udongo wa 5 ni mchachu mara kumi kuliko udongo wa 6. Chai hutaka udongo ulio kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Ukipita 6 chai huanza kuteseka, na ukishuka chini ya 4 pia si vizuri. Huwezi kuujua uchachu huu kwa macho, wala udongo hauonjwi kwa ulimi. Mahali panapoota kwa wingi yale magugu ya jamii ya kangaga, yenye majani kama manyoya ya ndege, ni dalili njema kwamba udongo ni mchachu. Hata hivyo hiyo ni dalili tu, haichukui nafasi ya kupima.

Mbona tunalisisitiza jambo hili? Kwa sababu chai si zao la msimu mmoja. Mahindi yakikataa mwaka huu, mwaka ujao utapanda kingine. Kichaka cha chai huishi zaidi ya miaka 50. Ekari moja, ukipanda kwa nafasi ya futi 4 kati ya mistari na futi 2 na nusu kati ya miche, huchukua miche 4,300 na zaidi, na yote hununuliwa au hukuzwa kwa taabu. Mwenye kuipanda mahali pasipofaa amejifunga mzigo ambao hata watoto wake wataubeba.

Sasa sikiliza hasa wewe mwenye shamba katika skimu. Ardhi nyingi iliyogawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi, na mashamba hayo yaliacha alama chini ya ardhi. Palikuwa na kambi za wafanyakazi, maboma ya ng'ombe, mahali pa kuchomea makaa na mahali pa kurundika magogo na kuyatia moto. Leo huoni nyumba wala boma, waona majani tu. Lakini jivu la moto wa jikoni uliowaka miaka kumi au ishirini mahali pamoja bado limo udongoni, na jivu la kuni hufanya kazi kama chokaa: huondoa uchachu.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua ukishapanda, ingawa wakati huo umechelewa. Mistari ya chai imekua vizuri, halafu ghafula pana duara, labda la hatua kumi, ambapo miche imekuwa ya manjano, imedumaa, inapukutisha majani na kufa. Mkulima hudhani ni wadudu, au miche ilikuwa mibovu. Hung'oa, hupanda mingine, nayo hufa vile vile. Wengine hufanya hivyo mwaka wa pili na wa tatu, tena huongeza samadi na jivu kwa kuihurumia miche, kumbe wanazidisha ugonjwa. Wakulima wa chai huliita duara kama hilo pahali pa nyumba ya zamani, na mara nyingi ndivyo lilivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo hata moja, tembea shambani pamoja na wazee wanaoikumbuka ardhi hiyo. Uliza kambi ilikuwa wapi, ng'ombe walilala wapi. Tazama mahali ambapo mahindi na mboga hustawi kupita kiasi bila mbolea, kwani huko ndiko pa kutilia shaka. Weka vijiti kuzunguka kila sehemu ya namna hiyo. Kisha chukua udongo wa kupimwa, wa juu na wa chini, na udongo wa sehemu ulizozizungushia vijiti uuweke katika mifuko yake. Ukiuchanganya na wa shamba zima, majibu yatakudanganya. Bwana Shamba atakuonyesha namna ya kuuchukua na mahali pa kuupeleka.

Sehemu ikionekana haina uchachu wa kutosha, una njia mbili. Njia moja ni kuitibu kwa unga wa salfa, ule wa manjano, unaochanganywa na udongo kwa kipimo utakachopewa na wapimaji, ukaachwa unyeshewe miezi kadhaa, halafu udongo upimwe tena kabla ya kupanda. Njia ya pili, nayo kwa mwenye shamba dogo ndiyo bora kwa maoni yetu, ni kuiacha sehemu hiyo nje ya chai. Ifanye bustani ya sukuma wiki au panda nepia ya ng'ombe. Sehemu iliyo mbaya kwa chai mara nyingi ndiyo nzuri kuliko zote kwa mboga.

Kwa sababu hiyo hiyo, unaposafisha msitu au vichaka, usirundike matawi na kuyachoma juu ya ardhi utakayopanda chai. Utakuwa unatengeneza maduara mapya kwa mikono yako. Na visiki vyote viondolewe pamoja na mizizi, maana mizizi inayooza chini hulisha ukungu unaopita mpaka kwenye mizizi ya chai na kuiua.

Jambo la pili ni maji. Chai yataka mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka, tena iliyoenea miezi mingi, lakini haivumilii maji yaliyosimama. Chimba shimo lenye kina cha mita 2. Ukikuta udongo mwekundu, mlaini mpaka chini, shukuru. Ukikuta mwamba karibu, au udongo wa kijivu wenye madoa unaonata, ujue mizizi haitapata njia. Bonde lenye kinamasi liachie nyasi.

Kitaluni nako uchachu hutawala. Vipande vya matawi vya kukuzia miche, kila kimoja na jani lake moja, hutiwa katika udongo wa chini ulio mchachu, usio na samadi wala jivu. Udongo usipokuwa mchachu, kipande huvimba uvimbe mweupe pale kilipokatwa na kukaa hivyo bila kutoa mizizi. Ukinunua miche, muulize mwenye kitalu udongo wake ameutoa wapi.

Chai ikishapandwa, itandazie nyasi kavu kati ya mistari ili kuhifadhi unyevu, lakini zisiguse shina. Mbolea yake ni ile yenye naitrojeni nyingi, kama 25:5:5, ambayo haiondoi uchachu. CAN ni nzuri kwa mahindi, lakini ndani yake mna chokaa, basi usiilete hapa. Jivu la jikoni lipeleke bustanini. Na unapopogoa, kila miaka mitatu au minne, matawi yaliyokatwa yaache yaoze pale pale. Najua kuni ni shida na akina mama huyatazama kwa hamu, lakini hayo ndiyo chakula na blanketi la shamba lako.

Huenda siku moja ukaona vichaka vimejaa maua meupe yenye moyo wa manjano na harufu tamu. Nyuki watafurahi kuliko wewe. Kichaka kinachotoa maua mengi kinatumia nguvu zake kwa mbegu badala ya majani unayouza, na mara nyingi kimefika hapo kwa sababu ya ukame, njaa ya mbolea au kutochumwa. Ikiwa maua hayo yamo katika duara moja tu na mistari mingine ni mibichi, chukua jembe, chimba hapo, utazame kama udongo una makaa.