Hospitali ya karatasi isiyo na mgonjwa

Asubuhi moja nilirudi kutoka zamu ya usiku hapa Durban nikamkuta mwanangu mezani, gundi mkononi. Kwa maboksi ya nafaka alikuwa anajenga nyumba ya bibi yake ya Muheza: baraza ipo, mnazi upo, mtu hakuna hata mmoja. Nikamkumbuka Bodys Isek Kingelez.

Msanii huyu wa Kongo alizaliwa mwaka 1948 kijijini Kimbembele-Ihunga. Alihamia Kinshasa, akawa mwalimu, kisha akakarabati vitu vya kale vya makumbusho ya taifa. Mwishowe alibaki na mkasi, gundi, karatasi, maboksi na plastiki, akijenga miji mizima ya rangi kali. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989. Alifariki mwaka 2015, na miaka mitatu baadaye jumba la MoMA la New York likamwandalia maonyesho makubwa.

Mwaka 1994 alikijenga upya kijiji chake: maghorofa, uwanja wa mpira, stesheni ya treni. Ukitazama barabarani huoni mtu.

Kazi inayonigusa zaidi ni ya mwaka 1991: hospitali ya wagonjwa wa UKIMWI. Wakati huo dawa za kumrudishia mgonjwa uhai wake zilikuwa bado. Yeye akajenga jengo la kupendeza kama hoteli, akaliacha tupu.

Kwa muuguzi, wodi tupu si jambo geni. Mara nyingi ina maana tumempoteza mtu. Lakini hapa Durban, ulikofanyika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mwaka 2000, nimejifunza maana nyingine. Hospitali za serikali zilianza kutoa dawa za kufubaza virusi mwaka 2004. Leo wengi huchukua dawa zao wakaenda kazini. Kitanda kimebaki kitupu kwa sababu mwenyewe ni mzima.

Ndivyo ninavyoitazama hospitali ya Kingelez sasa. Nafasi ile ameiacha kwa ajili ya watu, hakuwasahau.

Wazazi wenzangu, msitupe maboksi. Waacheni watoto wajenge kwao, hata kama hawapakumbuki vizuri. Nilimtumia mama picha ya ile nyumba. Akapiga simu papo hapo, akamtaka mjukuu wake.

“Nzuri sana, mume wangu,” akamwambia. “Ila jiko liko nyuma. Ukija nitakuonyesha.”