Umenunua Kiwanja Gonja, Sasa Moyo Unasita: Uvunje au Uendelee?

Kila mwisho wa mwaka watoto wa Gonja, huku Upare, walioko Dar es Salaam, Tanga na Arusha hurudi nyumbani, na siku hizi wengi huondoka wameshanunua kitu. Mmoja amepata kipande cha ardhi Maore, karibu na barabara ya Same hadi Mkomazi. Mwingine ameonyeshwa shamba la mteremkoni kule Vuje, mwingine kiwanja Bombo. Kianzio kinatolewa, karatasi inaandikwa, mashahidi wanatia sahihi, watu wanakunywa chai.

Wiki mbili baadaye simu zinaanza kuingia. Mdogo wake muuzaji anasema shamba lile ni la ukoo. Jirani anasema mpaka haukuwa pale. Wakati mwingine hakuna aliyepiga simu, ila mnunuzi amekaa na mkewe, wamepiga hesabu ya ada za watoto, wameona mzigo hawauwezi. Swali ni lilelile: "Tumeshatia sahihi. Tunaweza kujitoa?"

Nawaomba wote waanze na swali jingine: je, ununuzi wenyewe umekamilika? Kwa ardhi ya kijiji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ardhi ya Gonja, mara nyingi haujakamilika hata kama fedha zote zimelipwa. Jambo hilo linaweza kukuokoa na linaweza kukuumiza. Anayelijua mapema ndiye anayeamua kwa utulivu.

Sheria haikupi siku za kughairi

Zipo nchi zinazompa mnunuzi muda wa kubadili mawazo. Ulaya, tangu miaka ya 1960, kuna biashara ya kuuziana haki ya kukaa kwenye nyumba ya mapumziko kwa wiki moja, mbili kila mwaka. Wauzaji wake walizoea kumshika mtu akiwa likizoni, wakamsemesha saa nyingi mpaka atie sahihi. Malalamiko yalipozidi, Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2008, uliwapa wanunuzi hao siku 14 za kughairi bila kutoa sababu yoyote. Kenya nayo, katika Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, iliweka siku 10 kwa mikataba ya namna hiyo.

Mnunuzi wa kiwanja Tanzania hana siku hizo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotumika tangu mwaka 1961, inasema kwa ufupi kwamba watu wazima wenye akili timamu wakikubaliana kwa hiari yao, kwa malipo halali na kwa jambo halali, wamefungana. Kujuta si sababu ya kufunguliwa. Wala kukuta kiwanja kama hicho kinauzwa kwa bei ndogo zaidi hatua chache kutoka hapo.

Sheria hiyohiyo, hata hivyo, inaangalia ridhaa yako ilipatikanaje. Kama ulilazimishwa, kama aliye na mamlaka juu yako alikubana, kama ulidanganywa kwa makusudi au ulipewa maelezo yasiyo ya kweli yaliyokufanya ukubali, mkataba unabatilika kwa hiari yako wewe uliyeumizwa. Muuzaji aliyekuambia shamba lina zamu ya maji kwenye mfereji, huku akijua halina, amekupa sababu. Lakini ukiugundua uongo huo kisha ukaendelea kulipa awamu na kulima msimu mzima, unaonekana umekubali. Ukishajua, sema mara moja, na useme kwa maandishi.

Siku 60 tunazoziruka

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ina kinga ambayo wanunuzi wengi wa Gonja hawajaitumia. Anayetaka kuhamisha haki yake ya kimila anapaswa kuijulisha halmashauri ya kijiji kwa fomu maalumu, si chini ya siku 60 kabla uhamisho haujaanza kufanya kazi. Halmashauri inakaa, inapima, inaidhinisha au inakataa. Inaangalia kama mnunuzi ni raia anayeishi au kufanya kazi kijijini, au anayekusudia kufanya hivyo katika muda unaofaa. Inaangalia pia kama uhamisho huo utamnyima mwanamke haki yake ya kuitumia ardhi ile. Mjane anayelima shamba ambalo shemeji yake ameliuza analindwa hapo.

Hizo siku 60 ndizo siku zetu za kufikiri. Nchi nyingine zimeziweka baada ya sahihi, sisi tumeziweka kabla. Zikitumika vizuri, kila mwenye neno huja kulisema: ndugu, jirani, mke, hata anayedai kuwa aliwahi kuuziwa sehemu hiyohiyo. Tatizo ni kwamba tunaziruka. Tunamwita mwenyekiti wa kitongoji, anagonga muhuri kwenye hati ya mauziano, tunampa chake, tunaamini tumemaliza. Mahali pengi watu hulipa asilimia 10 ya bei kwa viongozi na kuiona hiyo ndiyo idhini. Siyo. Mwenyekiti wa kitongoji si halmashauri ya kijiji. Halmashauri ina wajumbe kati ya 15 na 25, na uamuzi wake huonekana kwenye muhtasari wa kikao, si kwenye muhuri wa mtu mmoja.

Mahakama hazijalichukulia jambo hili kuwa dogo. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 1985 kwamba uuzaji wa ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji hauna nguvu, na mahakama zetu zimeurudia msimamo huo baada ya sheria ya 1999.

Kwa anayetaka kujitoa, hii ni habari njema: mkataba ukigundulika kuwa batili, Sheria ya Mikataba inamtaka aliyepokea faida airudishe. Kwa anayetaka kubaki ni habari ya kumnyima usingizi. Bei ya ardhi ikipanda, muuzaji yuleyule uliyekunywa naye chai anaweza kusimama mbele ya baraza na kusema kijiji hakikuidhinisha. Ndiyo maana kunyamaza ndio uamuzi mbaya kuliko yote. Anayenyamaza hajajitoa na wala hajamiliki.

Mambo ya kuyachungulia kwanza

Kabla ya hesabu za fedha, nenda ukaone mambo manne. La kwanza, je, aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza? Mashamba mengi ya Upare ni ya marehemu ambao mirathi yao haijafunguliwa mahakamani. Mtoto mmoja, hata akiwa kifungua mimba, hawezi kuuza urithi wa wote kabla hajateuliwa msimamizi wa mirathi. Kama ndivyo ilivyokuwa, kujitoa si suala la kupenda. Huna ulichonunua.

La pili, je, ndani ya eneo hilo kuna nyumba ya familia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Tafuta sahihi ya mwenzi, na muulize mwenyewe ana kwa ana.

La tatu ni maji. Kwenye milima ya Upare, ardhi na maji ni vitu viwili. Maji ya mifereji na ya ndiva, yale mabwawa madogo ya asili yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana, hugawiwa kwa zamu, na zamu haihami yenyewe kwa sababu hati ya mauziano imeandikwa. Hata bondeni Maore kwenye mpunga, uliza wanaosimamia maji kama jina lako litaingia kwenye zamu, na kwa masharti gani. Shamba la mpunga lisilo na zamu ni ununuzi mwingine kabisa, na bei yake inapaswa kuwa nyingine.

La nne ni mteremko. Novemba 2009, maporomoko ya udongo huko Mamba Miamba, katika milima hiihii, yaliua watu zaidi ya 20. Kiwanja chenye mandhari nzuri kilicho chini ya ukingo mkali kitembelee wakati wa mvua za vuli. Kiangazi hakionyeshi maji yanapita wapi.

Moja katika haya likiwa baya kiasi kwamba ungelijua usingenunua, na muuzaji alikuficha, njia ya kujitoa iko wazi kwako. Yote yakiwa sawa na kinachokusumbua ni fedha tu, twende kwenye hesabu.

Hesabu ya mtu anayesita

Watu wengi hubaki kwenye ununuzi mbaya kwa sababu moja: "Nimeshatoa milioni mbili, siwezi kuziacha." Milioni hizo mbili zimeshatoka. Cha kupima ni fedha ambazo bado ziko mikononi mwako na zile unazoweza kurudishiwa.

Tuseme bei ni shilingi milioni 6. Umelipa milioni 2, zimebaki milioni 4. Mkataba unasema ukijitoa, muuzaji anakata asilimia 30 ya ulicholipa. Atabaki na 600,000, wewe utarudishiwa 1,400,000. Sasa, ukiamua kuendelea, utatoa milioni 4 na pia utaiacha ile 1,400,000 ambayo ungerudishiwa. Kwa hiyo kuanzia leo kiwanja hicho kinakugharimu 5,400,000. Jiulize: kwa yote ninayoyajua sasa, ningekinunua leo kwa 5,400,000? Kama viwanja vya namna hiyo pale jirani vinakwenda kwa milioni 4, ondoka, na ile 600,000 ihesabu kuwa gharama ya kutoka. Kama vinakwenda kwa milioni 7, kaza mkanda ubaki.

Kwenye hesabu hiyo ongeza gharama za kupima na za hati, kisha angalia kama awamu zinaweza kulipwa bila kugusa ada wala akiba ya matibabu. Soma pia fedha zitarudishwa lini. Ahadi ya kurudisha "kiwanja kikipata mnunuzi mwingine" haina tarehe.

Na kama mkataba umeandika kwamba fedha hairudi kabisa, usikate tamaa mapema. Sheria ya Mikataba inasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa kwa kuuvunja, anayestahili hupata fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho, si lazima chote. Muuzaji aliyepata mnunuzi mpya wiki ileile kwa bei ileile ana kazi ya kueleza ameumia wapi. Kama aliyekuuzia ni kampuni iliyokutangazia mambo yasiyokuwepo, Tume ya Ushindani nayo husikiliza walaji waliopotoshwa.

Ukiamua kutoka

Gonja mara nyingi muuzaji ni ndugu au rafiki wa baba, na mazishi na harusi mtahudhuria pamoja. Tanguliza mtu mzima akazungumze, kisha nenda mwenyewe. Usiache kulipa kimyakimya, kwa sababu hapo wewe ndiye utakayeitwa mvunja mkataba. Andika barua yenye tarehe: ulinunua nini, umelipa kiasi gani, unajitoa kwa sababu gani, unaomba kurudishiwa kiasi gani na lini. Mpe mbele ya shahidi, nakala apate mtendaji wa kijiji. Ujumbe wote wa malipo ya simu uhifadhi na uuchapishe.

Mkishindwana, anzeni na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wao wanawake, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Linafuata Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi. Hupatanisha ndani ya siku 30, na likishindwa hukupa cheti cha kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kule Same. Rufaa huenda Mahakama Kuu, Moshi. Njia hiyo ni ndefu na ina nauli zake. Makubaliano ya kurudishiwa kwa awamu, yakiandikwa na kushuhudiwa, mara nyingi humfaa mnunuzi kuliko ushindi wa miaka mitatu.

Ukiamua kubaki

Basi maliza kazi uliyoiacha njiani. Mwendee muuzaji kwa heshima: "Baba mdogo, sijabadili neno langu. Naomba twende wote kijijini, fomu ijazwe, halmashauri ikae." Muuzaji mwenye haki yake hatakataa. Anayekwepa mara ya pili na ya tatu amekujibu, na unarudi kwenye uamuzi wa kutoka ukiwa na sababu nzito zaidi. Halmashauri ikiidhinisha, chukua nakala ya muhtasari wenye jina lako, majirani waonyeshe mipaka mbele ya mashahidi, kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila. Na awamu zilizobaki zifunge kwenye hatua hizo: sehemu moja idhini ikitoka, nyingine mipaka ikishaonyeshwa. Muuzaji akikubali kuliandika hilo kwenye nyongeza ya mkataba, kila shilingi utakayotoa kuanzia hapo itakuwa inalipia hatua iliyokwisha kukamilika.