Kubadilisha Taa za Viashiria vya Kibodi: Chanya, Hasi na Mkondo

Kitengela na Kajiado, miji ya barabara ya Namanga, taa ya herufi kubwa ikizimika kwenye kibodi ya swichi za kimakanika, huenda kifaa kizima kikaachwa. Ilhali taa hiyo ni diodi inayopitisha mkondo upande mmoja tu. Mguu mrefu ni chanya, mfupi hasi. Iwapo imekatwa, ubavu bapa huonyesha hasi. Fundi huchomoa kibodi kwenye kompyuta, huyeyusha risasi, kisha hupachika taa mpya. Nyekundu huhitaji takribani volti 2, buluu 3. Hivyo basi, rangi ikibadilika, huenda rezista inayodhibiti mkondo ikabadilishwa pia. Istilahi hizi zikifika karakanani, Kiswahili kitaokoa vifaa vingi.